Karatasi ya mazingira: unaiomba ku nani, na kwa nini jirani naye ana neno

Saa kumi na moja ya asubuhi mashini ya kusaga inaanza. Kwa mama mwenye kubeba beseni ya mahindi ku kichwa, ile sauti ni habari njema: bukari ya leo itapatikana bila kutwanga. Kwa jirani anayelala mita kumi kutoka pale, ni habari ingine. Moshi wa mazutu unaingia mu dirisha, mutoto anakohoa, na mafuta meusi yaliyomwagwa nyuma ya kibanda yanashuka polepole kuelekea kisima. Mama anahitaji unga, jirani anahitaji kulala na kunywa maji safi, na mwenye mashini naye anahitaji kula. Kati yao watatu Leta imeweka karatasi moja ambayo watu wengi mu Mitwaba hawajawahi kuiona na macho: ruhusa ya mazingira.

Mara nyingi mwenye kazi anaisikia kwa mara ya kwanza siku ajenti anafika na mukoba wake na kumwambia "uko mu faute". Hapo kila mutu anakuwa na hasira, franga zinatoka mu mufuko bila resi, na mwezi unaofuata ajenti mwingine anakuja na neno lile lile. Tumeona heri tueleze jambo hili kabla ya siku ile, kwa sababu mutu anayejua njia ya dosie yake si rahisi kumuogopesha.

"Lakini mi niko na patente"

Hilo njo jibu la kwanza la wengi, na si baya, lakini halijibu swali lililoulizwa. Patente ni karatasi ya biashara ndogo. Sheria yake ni ya tarehe 2 Agosti 1979, na inamruhusu Mukongomani kufanya biashara ndogo. Mwenye kazi kubwa zaidi anaandikishwa mu registre ya biashara, ile inaitwa RCCM, iliyokuja na sheria za OHADA baada ya Kongo kuingia mu OHADA mwaka 2012. Zote mbili zinajibu swali moja tu: nani anafanya biashara? Karatasi ya kiwanja inajibu swali la pili: anaifanyia ku udongo wa nani? Ruhusa ya mazingira inajibu la tatu: ile kazi itawafanya nini watu, maji na hewa ya pale?

Swali hilo la tatu si jipya. Tangu 1953, wakati wa Wabelgiji, kulikuwa amri juu ya kazi zilizoitwa "dangereux, insalubres ou incommodes", maana yake kazi zenye hatari, zenye uchafu ao zenye kusumbua majirani. Leo sheria mama ni ile nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, inayoweka kanuni kubwa za kulinda mazingira mu inchi yote. Miaka miwili nyuma yake, tarehe 29 Mei 2013, serikali ilitosha amri nambari 13/015 juu ya "installations classées". Neno hilo ni refu lakini maana yake ni rahisi: kiwanda, karakana, depo, mashini ao mahali popote pa kazi panapoweza kuleta moto, sumu, moshi, kelele, harufu ao uchafu mu maji, panawekwa ku liste, na kila kitu ku liste kina daraja lake.

Daraja njo linasema mulango gani unagonga. Daraja la Ia ni kazi kubwa zenye hatari kubwa. Ruhusa yake inatoka kwa waziri wa mazingira, Kinshasa. Daraja la Ib linaenda ku jimbo, kwa sisi maana yake Lubumbashi. Daraja la II, lile la kazi ndogo, liko chini ya uongozi wa karibu: komine, secteur ao chefferie. Mutu asikisie daraja lake kwa kutazama ukubwa wa kibanda. Depo ndogo ya mafuta inaweza kuwa na hatari kuliko hangari kubwa ya mihogo. Kinachopimwa ni nguvu ya mota, kiasi cha mafuta kinachowekwa, aina ya dawa ama kemikali, na kadhalika. Uombe kuonyeshwa liste yenyewe na mustari unaokuhusu. Ni haki yako kuisoma, na kama huwezi kusoma Kifaransa, uje na mutoto wa shule.

Mulango wa karibu ni upi hasa?

Hapa njo kuna fujo, na fujo ile inawagharimu watu franga. Mu Mitwaba watu wanasema "nitaenda ku territoire", kama vile territoire ndiyo baba wa kila karatasi. Kwa sheria, territoire si entité territoriale décentralisée. Administrateur wa territoire anawakilisha Leta, anaangalia usalama na utaratibu, anasimamia. Lakini zile ETD, zenye utu wao wa sheria, zenye bajeti yao na takse zao wenyewe, ni nne: muji, komine, secteur na chefferie. Hivyo inaandikwa mu Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 na mu sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inayozipanga. Kwa hiyo kazi ndogo inayofanyika mu kijiji cha chefferie, dosie yake inaanza ku biro ya chefferie. Ikiwa ni ndani ya komine, ni kwa bourgmestre.

Na ile "conseil", baraza la kuchaguliwa linalopaswa kukaa kando ya chifu ao bourgmestre, iko wapi? Desemba 2023 Wakongomani walichagua conseillers communaux, lakini katika komine za miji mikuu ya majimbo. Lubumbashi ilipata. Vijiji vya chefferie na secteur bado. Tunasema hivi kwa sababu mutu akisoma kwamba takse fulani inapaswa kupitia baraza, halafu akitafuta baraza lile mu Mitwaba, atazunguka muda mrefu. Anayeweka sahihi kwa sasa ni chifu ao kiongozi wa ETD, pamoja na watumishi wake.

Kando yao kuna mutu mwingine asiyesahaulika: mutumishi wa mazingira ku territoire, yule anaitwa superviseur wa environnement. Yeye anaripoti ku coordination ya mazingira ya jimbo, Lubumbashi. Yeye hasimami mu nafasi ya chifu, lakini yeye njo anajua liste ya madaraja, na njo anaweza kuja kuona mahali kabla ya maneno kufika mbali. Ushauri wetu: anza kwake, kwa maneno tu, kabla hujaandika kitu. Umuulize "kazi yangu iko daraja gani?" na umuombe akuonyeshe kwenye karatasi. Kama jibu ni Ib, ujue safari ya Lubumbashi inakungojea, ile ya mamia ya kilomita, ambayo kila dereva wa Mitwaba anakwambia mu mvua haina saa ya kufika. Kuna watu wanakata tamaa hapo tu. Ndiyo maana ni vizuri kuijua mapema, mbele ya kununua mashini.

Dosie yenyewe

Tuchukue ile mashini ya kusaga, kwa sababu karibu kila kartie inayo. Tuseme mutu amepata kiwanja karibu na soko na mota ya mazutu. Barua yake haihitaji Kifaransa cha avoka. Inahitaji ukweli, na ukweli wenye nambari.

Aandike jina lake kamili na mahali anapokaa. Aandike kazi: kusaga mahindi na mihogo. Mahali: kijiji ao kartie, avenue kama iko, na alama inayojulikana, kama kanisa ao mutopeto. Halafu mashini: ku mota kuna kipande kidogo cha chuma chenye maandishi, kinasema nguvu yake kwa chevaux ao kilowatt. Anakili ile nambari vilevile ilivyo. Aseme mafuta kiasi gani yatakaa pale kwa mara moja: bidon mbili za litre 20 si sawa na pipa la litre 200, na pipa tatu ni jambo lingine kabisa. Aseme mashini itazunguka saa ngapi mpaka saa ngapi. Aseme wafanyakazi ni wangapi.

Sasa inakuja sehemu ambayo wengi wanairuka, na njo hiyo inayofanya dosie ikubaliwe ao ikataliwe: uchafu unaenda wapi? Mota inabadilishwa mafuta. Yale mafuta ya vidanje, meusi, mutu akiyamwaga chini mwaka muzima, mvua inayabeba. Litre chache zinatosha kuharibu kisima cha watu wengi. Ladha yake inakaa mu maji na hakuna kuchemsha kunakoitosha. Basi aandike: mafuta machafu yatakusanywa mu bidon yenye kifuniko, yatauzwa ao kupewa mutu wa garage ao mupasuaji wa mbao anayeyatumia. Na afanye hivyo kweli, kwa sababu superviseur akifika atatazama udongo nyuma ya kibanda kabla ya kutazama karatasi. Udongo hausemi uongo.

Moto: ndoo mbili za muchanga karibu na mafuta, mafuta yenyewe yakae mbali na mota na mbali na jiko la mama anayeuza maandazi mulangoni. Moshi: bomba lipande juu kuliko paa za majirani, lisitazame dirisha la mutu. Kelele: mota ikae ku saruji, si ku mbao zinazotetemeka, na bomba liwe na kizuia sauti kisichopasuka. Vumbi ya unga nayo ni jambo. Wafanyakazi wanaoivuta siku nzima wanakohoa, na kitambaa safi ku pua ni kidogo lakini ni heri kuliko hakuna.

Aongeze muchoro wa mukono. Hakuna haja ya injinia. Karatasi moja: hapa mashini, hapa nyumba za majirani na hatua ngapi, hapa kisima, hapa shule, hapa muteremko wa maji ya mvua. Aweke mushale wa upepo; mu kiangazi upepo wa huku unatoka zaidi upande wa kusini-mashariki, kwa hiyo nyumba zilizo kaskazini-magharibi ya mashini njo zinakula moshi. Tumeona kwamba mutu akichora hivyo, mara nyingi yeye mwenyewe anasogeza mashini mu karatasi kabla mutu mwingine hajamwambia.

Barua iwe kopi mbili. Moja inabaki ku biro, ya pili inapigwa kashe na tarehe ya kupokelewa, na anarudi nayo nyumbani. Dosie isiyo na accusé de réception ni kama haijawahi kuwekwa. Mwaka mumoja ukipita na mutumishi akahamishwa, ni ile kashe tu inayosema kwamba uliomba.

Jirani ana sauti

Kwa kazi zenye kuhitaji ruhusa kamili, sheria ya 2011 inataka watu waulizwe. Inaitwa enquête publique. Watu wanajulishwa kile kinachotaka kuletwa, wanapewa nafasi ya kusema, na maneno yao yanaandikwa na kuingia mu dosie. Kwa mashini ndogo ya daraja la II mambo ni mepesi zaidi, ni tangazo la mwenye kazi kwa uongozi, lakini hakuna sheria inayokataza kuzungumza na majirani kwanza. Kwa desturi ya huku mutu anayejenga anapita kuwasalimia walioko. Ile salamu inaokoa mashtaka mengi.

Kwa jirani tunasema: usingoje mota ifungwe njo uanze kupiga kelele. Ukisikia kitu kinakuja, nenda ku biro, uulize kama kuna dosie, uandike neno lako. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mutu ana haki ya mazingira safi, na kinaongeza kwamba ana wajibu wa kuyatetea. Lakini andika jambo linalopimika. "Hatutaki" halimsaidii mutu. "Kisima chetu kiko hatua thelathini chini ya mahali wanapotaka kuweka pipa za mafuta, na familia kadhaa zinateka pale" ni neno ambalo chifu hawezi kulitupa bila kujieleza. Na tuseme wazi: kuna majirani wanaopinga kwa wivu, ao kwa sababu wao nao wana mashini. Enquête njo inasaidia kutenganisha wivu na kisima.

Mahali kama Mitwaba jambo hili lina uzito wake. Jina la territoire hii lilitajwa mu ile "triangle ya kifo", pamoja na Manono na Pweto. Ni hapa Gédéon Kyungu alijisalimisha Mei 2006. Mahali watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena, nyumba na kazi zinajengwa palipopatikana nafasi, bega kwa bega. Hakuna kartie ya viwanda kando na kartie ya kulala. Kwa hiyo kila mashini ni mashini ya mulango wa mutu.

Na anayesema "moshi hauui" asikilize ya Lubumbashi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mukojo wa watu wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita tatu kutoka machimbo ao viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na cobalt mingi sana mu mwili kuliko waliokaa mbali, na watoto walikuwa mu hali mbaya zaidi. Mashini ya kusaga haitoi cobalt, ni kweli. Lakini funzo la umbali ni lile lile: mita njo dawa ya bei ndogo kuliko zote, na inapatikana tu kabla ya kujenga.

Kazi kubwa: étude na ACE

Kama kazi ni kubwa, kiwanda, machimbo ya mawe kwa mashini, barabara, bwawa, barua na muchoro havitoshi. Sheria ya 2011 inataka étude d'impact environnemental et social, na pamoja nayo mupango wa kusimamia madhara, kabla ya kazi kuanza. Gharama ni za mwenye muradi, si za wanakijiji wala za chefferie. Inayotazama étude ile ni Agence Congolaise de l'Environnement, ACE, iliyoundwa kwa amri ya tarehe 18 Novemba 2014. Wanakijiji wasidanganywe na kampuni inayokuja na kitabu kinene na kusema "dosie imekwisha". Ulizeni: mulituuliza lini? Wapi iko ripoti ya watu wa hapa? Mukutano wa bia na soda ku kivuli cha muembe, bila maandishi, si enquête publique.

Franga

Sasa tufike ku jambo linalouma. Ruhusa hizi zinalipiwa. Kuna takse ya kuanzisha kazi, inayolipwa mara moja, na kuna ile ya kila mwaka. Bei hatutaitaja hapa, kwa sababu inatofautiana kwa daraja na mahali, na inabadilishwa. Lakini njia ya kulipa haibadiliki, na ni njia unayopaswa kuijua kwa kichwa.

Anayeandika deni si yeye anayepokea franga. Mutumishi wa mazingira anaona kazi, anaandika. Deni linatoka ku karatasi inayoitwa note de perception. Ukiwa na ile karatasi unaenda kulipa ku mahali pa kulipia: kwa takse za serikali kuu ni DGRAD inayohusika, kwa za jimbo ni DRHKAT, ile Direction des Recettes du Haut-Katanga, na kwa za ETD ni receveur wa ETD. Unarudi na ushahidi wa malipo, njo unapewa karatasi yako. Mutu anayeandika deni, anapokea franga na kuweka mu mufuko wake wa shati, wote ni yeye mumoja, pale pale chini ya muti wako wa muembe, huyo hafuati njia.

Neno la pili: kuna ordonnance-loi nambari 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Inaweka liste ya kodi na takse ambazo jimbo na ETD zinaruhusiwa kulipisha. Takse isiyokuwa ku liste ile haina miguu ya kusimamia. Mutu akikuletea jina jipya la takse, umuulize kwa heshima: "Papa, hiyo iko mustari gani?" Si kila ajenti ni mwizi, tuseme haki, wengi wanakaa miezi bila mushahara na wanatumwa na wakubwa wao kutafuta franga. Lakini umaskini wa ajenti hauwezi kuwa bei ya ruhusa yako.

Pale chifu hana la kutoa

Kuna mambo matatu ambayo watu wa Mitwaba wanayaomba ku biro ya karibu, na biro ya karibu haina nguvu ya kuyatoa.

La kwanza ni machimbo. Udongo wetu una cassitérite, una coltan, na vijana wengi wanakula kwa kuchimba. Ruhusa ya chifu ya kuchimba si ruhusa ya sheria. Code minier ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inataka mukreseri awe na karta yake, awe mu coopérative iliyokubaliwa, na achimbe ndani ya zone d'exploitation artisanale. Anayesaidia na kufuatilia wakreseri ni SAEMAPE. Permis za kampuni zinapitia Cadastre Minier. Hata hivyo ETD ina sehemu yake: kampuni ikichimba na kulipa redevance minière, 15 ku mia zinapaswa kwenda ku ETD ya pale kazi inafanyika, 25 ku mia ku jimbo. Chifu anayetaka kusaidia watu wake afuatilie zile 15, badala ya kuuza ruhusa asiyokuwa nayo.

La pili ni makala. Gunia linaonekana kitu kidogo, lakini kukata miti na kuchoma makala kunahitaji permis ya mambo ya pori, chini ya code forestier ya tarehe 29 Agosti 2002. Hiyo ni dosie ya mazingira pia, lakini si ile ya installations classées. Usikubali moja ikupewe kwa jina la ingine. Ukiwa mu barabara na gunia mia na karatasi isiyo yake, unapoteza gunia na karatasi vyote viwili.

La tatu ni park. Parc ya Upemba iliundwa tarehe 15 Mei 1939, inapita kilomita mraba 11,000, na kituo chake cha Lusinga kiko huku kwetu. Inasimamiwa na ICCN, na sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe na pori haifungui mulango wa kuchimba, kuchoma makala ao kuweka kiwanda ndani yake. Tunajua kwamba hili linaleta uchungu. Kuna wazee wanaosema mashamba ya babu zao yako ndani, na maneno yale yanahitaji siku yao na meza yao. Lakini kwa mutu anayetaka kuanzisha kazi leo, jambo ni hili: karatasi yoyote ya kartie, ya chefferie ao ya mutu mukubwa yeyote, ikisema kazi iko ndani ya park, haitakulinda siku walinzi wanafika. Kama huna hakika mupaka uko wapi, uliza ku ICCN kabla ya kusafisha kiwanja.

Na wale wenye kuuzisha mafuta mu bidon kando ya barabara, wanaoitwa kadhafi? Wengi wanafikiri kazi yao ni ndogo mno kuwa na daraja. Petroli mu chupa, ku jua, karibu na sigara, na mutoto amelala chini ya meza: hakuna kazi ndogo yenye hatari kubwa kama ile. Waanze na superviseur kama wengine.

Siku ajenti anakuja

Tuseme umefuata yote, una kopi yenye kashe, una ushahidi wa malipo. Uviweke mu plastiki, vikae ku kazi, si ku nyumba ya mujomba. Ajenti akifika, umusalimie, umupe kiti. Umuombe ordre de mission: inasema jina lake, ametumwa na nani, kufanya nini, siku gani. Umwonyeshe kopi, usimpe original abebe. Kama anaona kosa, aandike procès-verbal, akuachie kopi, na akueleze una siku ngapi za kurekebisha. Kama ni kweli mafuta yamemwagika, kubali na urekebishe. Usibishe kitu kinachoonekana. Kama anataka kufunga mashini bila kuandika kitu, andika wewe: siku, saa, jina lake, alichosema, na ushahidi wa watu wawili waliokuwepo. Barua hiyo unaipeleka kwa mukubwa wake, na kopi kwa administrateur wa territoire, ambaye hapo njo kazi yake inaonekana, ya kusimamia. Ikishindikana, kuna gavana, na kuna korti. Wachache wanafika huko, lakini barua iliyopigwa kashe mara nyingi inatosha kufanya mazungumzo yaanze upya kwa sauti ya chini.

Na ukibadilisha mota kwa ingine yenye nguvu zaidi, ao ukihamisha mashini ngambo ya soko, ao ukiiuza kwa mutu mwingine, andika barua mupya ku biro ile ile. Ruhusa ni ya mashini ile, mahali pale, kwa kazi ile. Mutu anayenunua mulin aombe kuona karatasi ya mazingira pamoja na mota, na aende nayo ku chefferie kuuliza kama takse ya kila mwaka imelipwa, kabla ya kutoa franga zake.